Mitambo yachukua kazi ya kuli bandarini, faida yake ni ya nani?

USIKU wa kuamkia Oktoba mosi, 2024, kreni za bandari kubwa za pwani ya mashariki ya Marekani na Ghuba ya Mexico zilisimama. Kuanzia Maine upande wa kaskazini hadi Texas upande wa kusini, wafanyakazi wapatao 45,000 waliacha kazi na kukusanyika kwenye mageti ya bandari wakiwa na mabango. Ulikuwa mgomo wa kwanza wa aina hiyo wa chama chao, International Longshoremen's Association (ILA), tangu mwaka 1977.

Madai yao yalikuwa makubwa mawili. La kwanza lilikuwa mshahara. La pili lilikuwa mitambo inayofanya kazi yenyewe bila dereva wala karani.

Dai la mshahara lilimalizika kwa siku tatu tu. Waajiri walikubali nyongeza ya asilimia 62 katika miaka sita, yaani kutoka dola 39 kwa saa hadi kufikia dola 63, na kreni zikaanza tena kunyanyua makontena. Lakini suala la mitambo lilishindikana. Pande zote mbili zilikubaliana kuliahirisha hadi Januari 15, 2025, na ilibidi mazungumzo yaendelee kwa miezi mitatu zaidi kabla ya makubaliano kufikiwa Januari 8 mwaka huo.

Hapo ndipo penye funzo. Waajiri waliona ni rahisi kuongeza mshahara kwa zaidi ya nusu kuliko kuahidi kwamba hawataleta mashine. Na wafanyakazi nao walijua kuwa mshahara mnono haumsaidii mtu ambaye kazi yake haipo tena.

Kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga, wa chai wa Kericho au wa korosho wa Tandahimba, habari hizi zinaweza kuonekana ni za mbali. Si za mbali. Mazao yake yote yanayouzwa nje hupita katika lango moja, nalo ni bandari. Mbolea yake huingia kwa lango hilo hilo. Kila senti inayopotea au kuokolewa pale gatini, mwisho wake humfikia yeye.

Kutoka gunia hadi kontena

Mvutano huu haukuanza na kompyuta. Ulianza na sanduku la chuma.

Zamani meli ilipotia nanga, shehena ilipakuliwa na magenge ya makuli, gunia kwa gunia, pipa kwa pipa. Meli ingeweza kukaa bandarini wiki nzima au zaidi, na sehemu kubwa ya gharama ya safari ilikuwa kulipia muda huo. Wingi wa makuli ndio uliokuwa nguvu yao. Wakigoma, hakuna kilichotembea.

Pwani ya Afrika Mashariki inalijua hilo vizuri. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943 na 1947. Mwezi Januari mwaka huo wa 1947, mgomo mkubwa ulisimamisha shughuli za mji wa Mombasa kwa siku kadhaa, nao ulihusisha watu wa bandarini, wa reli na hata wa majumbani. Wengi wa watu wa bandarini walikuwa vibarua wa kutwa, leo wana kazi, kesho hawana. Migomo hiyo ndiyo iliyowalazimisha wakoloni na makampuni ya upakuaji kuanza kuwasajili vibarua na kuwapa kazi yenye uhakika.

Wakati hayo yakiendelea huku, mfanyabiashara mmoja wa malori nchini Marekani, Malcom McLean, alikuwa na wazo lake. Kwa nini mzigo ushushwe kutoka kwenye lori na kupakiwa melini kipande kimoja kimoja, badala ya kunyanyua sanduku zima? Aprili 26, 1956, meli yake iitwayo Ideal-X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Hesabu za wakati huo zilionyesha kuwa kupakia tani moja ya mzigo wa kawaida kuligharimu dola 5.83. Kwa kontena, gharama ilikuwa chini ya senti 16.

Tofauti hiyo ndiyo iliyobadili dunia. Biashara ya nje ilikua, bidhaa zikashuka bei, na maelfu kwa maelfu ya makuli wa New York, London na Liverpool wakakosa kazi katika miaka iliyofuata. Bandari kongwe za London zilifungwa moja baada ya nyingine hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mapatano ya mwaka 1960

Hata hivyo, si kila mahali mashine iliingia kwa vita. Katika pwani ya magharibi ya Marekani, chama cha makuli cha ILWU kiliongozwa na Harry Bridges, mtu aliyejulikana kwa msimamo mkali. Wengi walitarajia apinge mashine hadi mwisho. Badala yake aliketi na waajiri, na mwaka 1960 wakatia saini mapatano yaliyokuwa mageni kabisa wakati ule.

Waajiri walipata ruhusa ya kuleta mashine yoyote na kupunguza watu katika magenge. Nao walikubali kutoa jumla ya dola milioni 29 katika muda wa miaka mitano na nusu. Fedha hizo zilikuwa za kuwalipa wazee waliokubali kustaafu mapema, na kuwahakikishia kipato wale ambao kazi ingewapungukia. Hakuna mfanyakazi aliyesajiliwa ambaye angeachishwa kazi kwa sababu ya mashine.

Kwa upande wa mashariki, chama cha ILA kilichukua njia nyingine inayofanana nayo. Huko New York kulianzishwa tozo kwa kila tani ya shehena iliyopita ndani ya kontena, na fedha hizo zikawa zinagawiwa kwa wafanyakazi. Baadaye wakahakikishiwa saa za kulipwa kwa mwaka, kazi iwepo isiwepo.

Mapatano haya yamesifiwa sana, lakini yalikuwa na upungufu wake. Yalimlinda mtu aliyekuwa tayari kwenye daftari. Kibarua asiyesajiliwa hakupata kitu, na kijana aliyetegemea kurithi kazi ya baba yake alikuta mlango umefungwa. Isitoshe, kontena lilileta faida kubwa kuliko ilivyodhaniwa mwaka 1960, na wafanyakazi wengi wakahisi waliuza haki yao kwa bei ya chini. Mwaka 1971 ILWU walianza mgomo uliodumu kwa jumla ya zaidi ya siku 130. Kwa maneno mengine, mapatano mazuri yanahitaji kupitiwa upya kadiri hesabu zinavyobadilika.

Magari yasiyo na dereva

Hatua ya pili ya mashine ilianzia Rotterdam, Uholanzi. Mwaka 1993 kituo cha makontena cha Delta kilianza kutumia magari yasiyo na dereva kubeba makontena kutoka gatini hadi uwanjani, ambako kreni zisizo na mtu ziliyapanga kwa safu. Mwaka 2015 vituo vipya vikafunguliwa katika eneo la Maasvlakte, ambavyo hata dereva wa kreni kubwa ya meli hakai tena juu angani. Anakaa ofisini, mbele ya skrini.

Januari 2016 makuli wa Rotterdam waligoma kwa saa 24 wakihofia ajira zao. Ulikuwa mgomo wa kwanza mkubwa katika bandari hiyo kwa zaidi ya miaka kumi.

China nayo ilifuata kwa kasi, ikafungua vituo vya namna hiyo Qingdao na Yangshan, Shanghai, mwaka 2017. Kwa Afrika, kituo kimojawapo cha Tanger Med nchini Moroko kilianza mwaka 2019 kikitumia kreni zinazoongozwa kutoka mbali.

Je, mitambo hii inafanya kazi haraka zaidi? Hapa wengi hushangaa. Mwaka 2018 kampuni ya washauri ya McKinsey ilieleza kuwa gharama za uendeshaji katika vituo vya aina hiyo zilishuka kwa asilimia 15 hadi 35, lakini kasi ya kazi nayo ilishuka kwa asilimia 7 hadi 15. Mwaka 2021 taasisi ya International Transport Forum ilifikia hitimisho linalofanana, kwamba kwa ujumla bandari za mitambo hazina tija kubwa kuliko bandari za kawaida.

Sababu zake ni rahisi kueleweka. Mashine hufanya vizuri kazi inayojirudia. Lakini bandarini kila siku kuna jambo lisilo la kawaida: kontena lililobonyea, namba iliyofutika, upepo uliobadilika, lori lililokuja kabla ya zamu yake. Dereva mzoefu huyatatua hayo kwa dakika moja. Mtambo husimama na kusubiri mtu.

Tena kuna hatari mpya. Juni 2017 kirusi cha kompyuta kilichoitwa NotPetya kiliingia katika mitandao ya kampuni ya meli ya Maersk, na vituo vyake vya makontena katika nchi mbalimbali vikasimama, kikiwamo kile cha kisasa cha Maasvlakte. Malori yalipanga foleni getini na hakuna aliyejua kontena gani liko wapi.

Pamoja na hayo, faida zipo. Kuli hapondwi na gari pale ambapo hakuna kuli. Mtambo hauchoki usiku wa manane. Kazi huenda kwa mwendo unaotabirika, jambo ambalo wenye meli hulipenda. Na pale ambapo mishahara ni mikubwa, kama Uholanzi, kila mtu anayepunguzwa ni fedha nyingi zinazobaki kwa mwenye kituo.

Sheria inasimama wapi?

Katika mvutano wa namna hii, swali la msingi ni nani mwenye mamlaka ya kusema ndiyo au hapana.

Marekani ina sheria ya mwaka 1947 iitwayo Taft-Hartley, inayomruhusu Rais kuomba mahakama isimamishe mgomo kwa siku 80 iwapo usalama wa taifa uko hatarini. Mwaka 2002 Rais George W. Bush aliitumia baada ya waajiri wa pwani ya magharibi kuwafungia nje wafanyakazi kwa siku kumi, katika ugomvi uliohusu pia teknolojia. Mwaka 2024 Rais Joe Biden alikataa kuitumia, akasema pande hizo zizungumze. Desemba mwaka huo Donald Trump, aliyekuwa amekwisha kuchaguliwa lakini hajaapishwa, alijitokeza hadharani kuunga mkono msimamo wa wafanyakazi dhidi ya mitambo.

Mkataba ulioidhinishwa na wanachama wa ILA Februari 2025, kwa karibu asilimia 99 ya kura, unadumu hadi Septemba 2030. Unazuia mitambo inayojiendesha kabisa bila binadamu, lakini unaruhusu teknolojia ya kuongeza tija kwa masharti ya kulinda ajira.

Los Angeles ilitoa funzo la aina nyingine. Mwaka 2019 kampuni inayoendesha kituo cha Pier 400 iliomba kibali cha ujenzi ili ilete magari yasiyo na dereva. Maelfu ya wafanyakazi na wakazi waliandamana na kujaza vikao. Lakini chama chao kilikuwa kimekwisha kukubali katika mkataba wa mwaka 2008 kwamba waajiri wana haki ya kuleta mitambo. Kelele zilikuwa nyingi, ila haki ilikuwa imekwisha kusainiwa miaka 11 nyuma. Walichoweza kupata ni makubaliano ya mafunzo kwa wafanyakazi.

Kimataifa, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lina Mkataba namba 137 wa mwaka 1973 unaohusu hasa jambo hili. Unataka makuli wasajiliwe, wapewe ajira ya kudumu kadiri inavyowezekana, wahakikishiwe muda fulani wa kazi au kipato cha chini, na idadi yao inapolazimika kupunguzwa, hatua zichukuliwe ili wasiumie. Tanzania na Kenya zote mbili zimeuridhia mkataba huo.

Dar es Salaam na Mombasa

Je, magari yasiyo na dereva yako njiani kuja Kurasini na Kilindini? Kwa hesabu za kawaida, si haraka sana. Mitambo ya aina hiyo ni ghali mno kununua na inahitaji umeme usiokatika. Faida yake kubwa hutokana na kupunguza mishahara, na pale mshahara ulipo mdogo, kinachookolewa ni kidogo. Mwekezaji makini atanunua kwanza kreni nyingi na bora zinazoendeshwa na watu.

Lakini kuna aina ya pili ya mashine ambayo haina kelele, nayo imekwisha kufika. Ni programu ya kompyuta. Bandari ya Mombasa ilianza kutumia mfumo wa KWATOS mwaka 2008 kufuatilia makontena. Forodha za nchi zote mbili zimehamishia nyaraka kwenye mitandao. Kamera inayosoma namba ya kontena getini hufanya kazi ya makarani waliokuwa wakizunguka na makaratasi. Hakuna aliyegoma siku kamera ilipofungwa, kwa sababu haifanani na roboti. Na si hadithi ndogo: mwezi Juni 2024 ILA walivunja mazungumzo na waajiri wao kwa sababu ya geti la namna hiyo hiyo katika bandari ya Mobile, Alabama.

Kwa mteja, geti na nyaraka ndipo penye nafuu kubwa zaidi. Kontena la kahawa linalosubiri mhuri kwa siku nne halitasaidiwa na kreni ya kasi. Kwa karani, hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi.

Upande wa umiliki nao umebadilika. Mwaka 2000 Tanzania ilikodisha kitengo cha makontena cha Dar es Salaam kwa kampuni ya TICTS, iliyoondoka mwishoni mwa mwaka 2022. Oktoba 22, 2023, baada ya mjadala mkali bungeni, mahakamani na mitaani, serikali ilisaini mikataba na DP World ya Dubai kwa ajili ya sehemu ya gati za bandari hiyo kwa miaka 30. Mei 2024 gati namba 8 hadi 11 zilikwenda kwa kampuni yenye ubia wa kundi la Adani la India, nazo kwa miaka 30. Wakati wa mjadala wa mwaka 2023, serikali ilieleza kwamba ajira zinazotokana na bandari zingeongezeka kutoka takriban 29,000 hadi takriban 72,000 katika mwaka wa fedha 2032/33.

Miaka 30 ni muda mrefu. Mwaka 1993 roboti zilikuwa Rotterdam peke yake, na katika muda wa namna hiyo zimeenea hadi Moroko. Bei ya mitambo hushuka, mishahara hupanda, na hesabu inayosema leo kwamba roboti haina faida Dar es Salaam inaweza kugeuka kabla mikataba hiyo haijafika mwisho. Kwa hiyo swali la kuuliza sasa ni dogo na la wazi: siku mwendeshaji atakapotaka kuondoa watu 200 na kuweka mtambo mmoja, ataomba ruhusa kwa nani, na atatakiwa kutoa nini? Ahadi ya ajira iliyotolewa kwenye hotuba si sawa na kifungu kilichoandikwa kwenye mkataba.

Mamlaka za usimamizi zipo. Tanzania ina TASAC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Vyama vya wafanyakazi wa bandarini vipo pande zote mbili za mpaka. Mkataba namba 137 wa ILO umekwisha kuridhiwa. Kinachotakiwa ni vyombo hivyo kukaa meza moja wakati mashine bado iko kiwandani.

Mkulima anaingia wapi?

Kuna kauli moja ambayo waendeshaji bandari duniani hupenda kuitoa, kwamba mitambo inashusha gharama na hivyo mkulima ananufaika. Ni kweli nusu.

Bei ya mazao ya kuuza nje hupangwa katika soko la dunia. Mnunuzi huchukua bei hiyo, akatoa gharama za meli, bandari, usafiri na faida yake, na kinachobaki ndicho anacholipwa mkulima. Kwa hesabu hiyo, gharama ya bandari ikishuka, bei ya shambani ingepaswa kupanda. Lakini kama mwendeshaji wa kituo ni mmoja na hana mshindani, anaweza kupunguza watu na kuacha tozo zake palepale. Hapo kuli amepoteza kazi, mkulima hajapata kitu, na akiba yote imebaki katikati.

Wakulima wa Marekani walionja hali hiyo kwa namna yao. Mwaka 2021 walilalamika kwamba kampuni za meli zilikuwa zikikimbilia Asia na makontena matupu badala ya kusubiri kupakia mazao yao, huku zikiwatoza faini za ucheleweshaji hata pale ambapo kosa halikuwa lao. Bunge lao likapitisha sheria ya marekebisho ya usafirishaji wa baharini, iliyosainiwa Juni 2022. Tangu Mei 2024 kampuni ya meli au kituo kinachotaka kumtoza mteja faini ya kuchelewesha kontena kinapaswa kumpelekea ankara ndani ya siku 30, ikiwa na maelezo kamili. La sivyo, mteja halazimiki kulipa.

Hilo ni jambo ambalo vyama vya ushirika na wasafirishaji wa mazao wa ukanda huu wangeweza kulidai hata kesho asubuhi, bila kusubiri roboti. Tozo za bandari zichapishwe, ucheleweshaji usiosababishwa na mteja usilipwe na mteja, na kila mtambo mpya unapokubaliwa, msimamizi aulize tozo itashuka kwa kiasi gani na lini.

Kuli na mkulima wamezoea kuonekana kama watu wenye masilahi yanayopingana, mmoja akigoma mazao ya mwenzake yanaoza. Katika suala hili wako upande mmoja. Wote wawili wanahitaji kuona kwa maandishi akiba ya mashine inakwenda mfukoni mwa nani. Makuli wa Los Angeles waligundua mwaka 2019 kuwa swali hilo lilijibiwa mwaka 2008 walipokuwa wakifikiria mambo mengine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa bandarini hujengwa kwa miaka 30.